Chuo Kinaanzia Darasa la Tisa: Maneno kwa Wazazi na Vijana Wetu Walioko Marekani

Wazee wetu, shikamooni. Wazazi wenzangu, nawasalimu. Nanyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, tafadhali njooni viti vya mbele, maana nitakayosema jioni hii yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Kila mwaka Oktoba ikifika, simu huanza kuingia. Mama mmoja ataniambia kijana wake yuko darasa la kumi na mbili, anataka chuo, tumsaidie kujaza fomu. Baba mwingine atauliza ni fomu gani inayoleta ufadhili. Nawapokea wote, na fomu tunajaza. Lakini kuna jambo ambalo Oktoba ya darasa la kumi na mbili huwa limeshachelewa kusemwa, nalo ndilo lililonileta leo. Kujaza fomu ni kazi ya wiki chache tu. Kinachosomwa ndani ya fomu hiyo kimekuwa kikiandikwa kwa miaka mitatu, tangu siku ya kwanza ya darasa la tisa, ambalo hapa ndilo mwanzo wa sekondari, na hakuna anayeweza kukifuta.

Wengi wetu tumesoma kwa utaratibu mwingine. Aliyesoma Kenya anaijua KCSE. Aliyesoma Tanzania anaujua mtihani wa kidato cha nne na wa kidato cha sita. Aliyesoma Kongo anaikumbuka Exetat. Kwetu mtihani wa mwisho ndio uliokuwa na neno la mwisho. Mwanafunzi aliweza kulegea miaka miwili, akaja kukesha na vitabu mwaka wa mwisho, akapasua, na watu wakasahau yaliyopita. Hapa Marekani hakuna mtihani wa namna hiyo. Kuna transkripti, yaani karatasi inayoonyesha kila somo alilochukua mtoto tangu darasa la tisa na alama aliyopata, muhula kwa muhula.

Alama hizo hugeuzwa kuwa wastani unaoitwa GPA. Kwa kawaida A huhesabiwa 4, B ni 3, C ni 2. Fanyeni hesabu nami. Mtoto amemaliza darasa la tisa akiwa na wastani wa 2.0, kwa sababu ndio kwanza amefika nchini, au kwa sababu aliona bado mapema. Darasa la kumi na la kumi na moja akapata A kila somo, 4.0 kamili miaka yote miwili. Anapoomba chuo mwanzoni mwa darasa la kumi na mbili, wastani wake ni 3.33. Miaka miwili bila kosa hata moja haikuufuta ule mmoja. Wasomaji wa maombi huona kwamba mtoto amepanda, na kupanda kunamsaidia sana. Vipo pia vyuo vinavyohesabu tofauti: Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, hukokotoa wastani kwa masomo ya darasa la kumi na la kumi na moja, ingawa ya darasa la tisa nayo lazima yawe yamefaulu. Lakini huwezi kupanga maisha ya mtoto ukitegemea kwamba kila chuo kitafanya hivyo.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye hisabati, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wanapopoteza zaidi bila mtu kuwaambia.

Hisabati ya hapa ni ngazi, na huruki kidato. Mara nyingi inakwenda hivi: Aljebra 1, kisha Jiometri, kisha Aljebra 2, kisha somo la matayarisho ya kalkulasi, kisha kalkulasi yenyewe. Kila somo ni mwaka mmoja. Anayeanza Aljebra 1 darasa la tisa atafika kwenye matayarisho ya kalkulasi darasa la kumi na mbili. Kalkulasi hataigusa, isipokuwa asome wakati wa likizo ya kiangazi au achukue masomo mawili ya hisabati mwaka mmoja. Na anayewekwa chini ya Aljebra 1 ataishia Aljebra 2. Mtoto huyo akija kusema anataka uhandisi, atajikuta anashindana na wenzake waliokwisha kusoma kalkulasi, na vyuo vingi vya uhandisi vinatarajia waombaji wawe wameisoma pale shule yao inapoifundisha.

Je, nani huamua mtoto aanzie wapi? Kwa mtoto aliyefika kutoka nje, mara nyingi huamua mtihani mfupi wa kumpima, nao uko kwa Kiingereza. Mtoto anajua kutafuta thamani ya x. Aliisoma kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, na aliisoma vizuri. Swali linalozungumzia treni mbili zinazoondoka stesheni limemshinda kwa sababu ya lugha, na shule imeandika kwamba hajui hisabati. Anawekwa chini, anakaa kimya, anapata A rahisi, mzazi anafurahi. Miaka mitatu baadaye ndipo tunagundua kwamba A zile zilikuwa za somo ambalo chuo hakilihesabu.

Mzazi, hapo ndipo pa kuuliza, na uulize mapema, wiki za kwanza za shule. Omba mtoto apimwe tena. Omba kwa maandishi, hata kwa mistari mitatu ya baruapepe, ili pawepo kumbukumbu. Uliza kama kuna darasa la hisabati la kiangazi. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hapa asiyeuliza hupangiwa.

Najua mtakaloniambia: Kiingereza changu hakitoshi kwenda kubishana na shule. Nisikilizeni vizuri. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na chini ya sheria hiyo zinapaswa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Unapoitwa kikao, una haki ya kuomba mkalimani, na hulipi. Msikubali mtoto wenu ndiye awe mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye. Mtoto wa miaka kumi na minne akiambiwa "mwambie mama yako umefeli biolojia," tunajua sote jinsi habari hiyo itakavyofika. Tena ipo sheria ya mwaka 1974, FERPA, inayompa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za shule za mtoto wake mpaka atimize miaka 18 au aingie chuo. Transkripti si siri ya shule. Iombeni kila mwisho wa mwaka muisome pamoja mezani.

Kwa walio kwenye madarasa ya kujifunza Kiingereza, ulizeni swali moja kuhusu krediti, yaani pointi anazopata mwanafunzi kwa kila somo alilofaulu: krediti za darasa hili zinahesabiwa kama Kiingereza cha kumalizia shule tu, au na chuo pia kinazihesabu? Mara nyingi vyuo hutaka miaka minne ya Kiingereza. California, kwa mfano, hukubali mwaka mmoja tu wa Kiingereza cha wageni, tena cha ngazi ya juu. Mtoto aliyekaa kwenye madarasa hayo miaka mitatu anaweza kuvaa joho la kumaliza shule huku hana sifa za kuomba chuo cha jimbo lake. Hili linaniuma, kwa sababu ni jambo ambalo lingezuilika kwa mazungumzo ya nusu saa.

Na Kiswahili chenu msikifiche. Majimbo mengi hutoa muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kumaliza shule, na California ndiyo iliyotangulia kwa sheria ya mwaka 2011. Mitihani ya kupima Kiswahili kwa ajili ya muhuri huo ipo. Katika shule nyingine mtihani huo humpa mwanafunzi krediti za lugha ya kigeni, akapata nafasi ya kuchukua kemia au hisabati nyingine badala ya kuanza Kihispania upya. Mwulizeni kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi pale shuleni.

Makaunsela hawa wengi ni watu wema waliozidiwa na kazi. Chama chao cha kitaifa kinapendekeza kila mmoja ahudumie wanafunzi 250, na wastani wa nchi nzima uko juu ya hapo. Usingoje akuite. Mwanafunzi anayepita ofisini kwake kila muhula, akiwa na swali alilokwisha kuliandika, ndiye atakayekumbukwa barua ya shule ya kumpendekeza chuoni itakapoandikwa. Ulizeni pia kama shule yenu ina Upward Bound. Ni programu ya serikali kuu iliyoanza miaka ya 1960 kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, au ambao wazazi wao hawana shahada. Mafunzo, ziara za vyuo, masomo ya kiangazi, vyote ni bure, na nafasi mara nyingi huombwa darasa la tisa au la kumi. Anayekuja kuuliza darasa la kumi na mbili huwa amechelewa.

Darasa la kumi sitalizungumzia sana. Ni mwaka wa kushika kasi. Chukua somo moja gumu zaidi ya ulivyozoea, kama la AP, yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari, ambalo mtihani wake hufanyika Mei na alama zake huanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kwa alama 3 au zaidi, vingine hutaka 4 au 5. Kuna pia masomo ya chuo yanayosomwa ukiwa bado sekondari, na katika majimbo mengi ni bure au bei nafuu. Hapo nina onyo: alama ya somo hilo ni ya chuo kweli, na itakufuata kila utakapoomba chuo kingine. Usijiandikishe kwa sababu rafiki yako amejiandikisha.

Darasa la kumi na moja ndio mwaka mzito. Hizo ndizo alama za mwisho za mwaka mzima ambazo chuo kitaziona unapoomba. Ndio mwaka wa SAT au ACT, mitihani ya kitaifa ya kuombea chuo. SAT siku hizi hufanywa kwenye kompyuta, huchukua saa mbili na robo hivi, na alama zake ni 400 hadi 1600. Msilipie masomo ya matayarisho kabla ya kumaliza yale ya bure ya Khan Academy, yanayoandaliwa kwa kushirikiana na College Board, wenye mtihani. Mtoto anayestahili chakula cha bure au cha bei ya chini shuleni anaweza kupata msamaha wa ada, akafanya SAT mara mbili bila kulipa, na msamaha huo humfungulia pia njia ya kuomba vyuo vingi bila ada ya maombi. Kaunsela ndiye mwenye msamaha huo.

Vijana huniuliza kama mtihani huu bado una maana. Jibu linategemea chuo. Vyuo vikuu vya jimbo la California haviutazami kabisa. Vingine vingi vinakuachia uchague kutuma au kutotuma. Vingine vimeurudisha: MIT iliurudisha mwaka 2022, na Harvard, Brown na Dartmouth wakatangaza kuurudisha mwaka 2024. Maoni yangu ni kwamba fanya mtihani, upate alama yako, halafu amua kwa kila chuo kama utaituma.

Mwaka huo huo, kabla ya likizo ya kiangazi, waombe walimu wawili wakuandikie barua za kukupendekeza chuoni. Chagua mwalimu aliyekuona ukihangaika na somo ukalishinda. Huyo ana la kuandika kukuhusu kuliko yule aliyekupa A bila kukujua jina.

Sasa kuhusu shughuli za nje ya darasa. Hapa vijana wetu hujidharau kupita kiasi. Fomu ya Common App, ambayo zaidi ya vyuo elfu moja huitumia, ina nafasi kumi za shughuli. Kijana wetu anaandika mpira, anaandika kwaya ya kanisa au madrasa, anasimama. Nikimwuliza saa tisa alasiri akitoka shule huwa anafanya nini, ananiambia anawachukua wadogo zake, anawapikia, anawasimamia kazi za shule mpaka mama arudi usiku kutoka kazini. Jumamosi anafanya kazi ghala. Anakwenda na bibi hospitali kumtafsiria. Halafu ananiambia hana shughuli! Mwanangu, hizo ndizo shughuli. Fomu yenyewe ina kundi la majukumu ya familia na kundi la kazi ya mshahara. Andika saa kwa wiki, andika wiki kwa mwaka, kwa ukweli mtupu. Anayesoma maombi hawezi kujua kwa nini hukuwa kwenye klabu ya midahalo usipomwambia.

Insha kuu haizidi maneno 650. Nina neno moja kwa ninyi mliokulia kambini, Nyarugusu, Kakuma, Dadaab au kwingine. Wapo watakaowaambia kwamba mkielezea mateso ndipo mtakapochukuliwa. Hamna deni la kumwuzia mtu yeyote majonzi yenu. Ukitaka kuandika habari za kambi, andika, ni maisha yako. Lakini anayesoma anataka kujua wewe unafikiri vipi leo, nini kinakukosesha usingizi kwa kukipenda, ukikutana na tatizo unaligeuza vipi. Msichana anayeeleza jinsi alivyobuni daftari la dawa za bibi yake kwa alama na rangi, kwa kuwa bibi hasomi, amesema mengi juu ya akili yake kuliko kurasa za huzuni. Miaka ya shule iliyokatika kwa sababu ya vita au safari ina mahali pake, kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Eleza hapo kwa mistari michache, na insha ibaki yako. Na uiandike mwenyewe. Mashine ikikuandikia, atakayejulikana kwa msomaji ni mtu asiyekuwepo.

Common App hufunguliwa upya Agosti 1. Maombi ya mapema hufungwa karibu na Novemba 1 au Novemba 15, na ya kawaida vyuo vingi ni mwanzoni mwa Januari. Katika maombi ya mapema angalieni sana aina ile inayofunga: ukikubaliwa, umeahidi kwenda, na maombi mengine unayaondoa. Mzazi na kaunsela huweka sahihi. Msiweke sahihi kabla hamjazungumzia fedha.

Naam, fedha. Wazazi wengi hutazama bei kwenye tovuti ya chuo, wanaona dola elfu themanini au tisini kwa mwaka, na mazungumzo yanaishia hapo. Bei hiyo ni ya mwenye nacho. Tangu mwaka 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Unaingiza kipato cha familia na idadi ya watu nyumbani, kinakupa makadirio ya utakacholipa. Fanyeni hivyo darasa la kumi na moja, kabla mtoto hajachagua vyuo. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, ni bure, pamoja na malazi na chakula, kwa familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini, ikiwa na mali za kawaida. Ni vigumu mno kuingia, ni kweli. Lakini inawezekana kabisa chuo chenye bei kubwa kikakugharimu kidogo kuliko cha jirani.

Fomu ya misaada inaitwa FAFSA. Iko studentaid.gov, na haina malipo. Mtu akikudai pesa ili akujazie au akuhakikishie ufadhili, ondoka. Kwa kawaida hufunguliwa kufikia Oktoba 1, na ijazeni mapema, kwa maana baadhi ya fedha za majimbo na vyuo huisha. Mtoto na mzazi kila mmoja afungue akaunti yake, na mzazi asiye na namba ya Social Security naye anaweza kufungua. Wanaostahili misaada ya serikali kuu ni raia, wenye green card, na pia waliopokelewa kama wakimbizi au waliopewa hifadhi, kwa hiyo mtoto mwenye hati ya ukimbizi asingoje green card. Ikiwa ndani ya nyumba yupo mtu ambaye karatasi zake hazijakamilika, zungumzeni kwanza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote.

Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, kwa mwaka 2025–26 hufikia dola 7,395, na hairudishwi. Mkopo hurudishwa. Nasema hivyo kwa sababu barua za misaada huviweka pamoja kwenye orodha moja, na jumla chini inapendeza macho. Chukueni kalamu. Kwenye kila mstari andikeni: zawadi, kazi, au deni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikali kuu hadi dola 5,500. Ukiona kiasi kikubwa zaidi kimeandikwa jina la mzazi, hilo ni deni lako, mama, na utaulizwa wewe.

Wala msione aibu chuo cha jamii. Miaka miwili pale, ukiwa umechagua masomo ambayo chuo kikuu kimekubali kwa maandishi kuyapokea, huishia kwenye shahada ile ile. Hayo maandishi ndiyo muhimu. Bila hayo wengi huhamia chuo kikuu wakakuta nusu ya krediti hazikupokelewa.

Vyuo vingi husubiri jibu lako mpaka Mei 1. Watu hudhani hapo kazi imekwisha, wanaanza kupanga sherehe. Lakini kila mwaka wapo waliokubaliwa ambao Agosti hawaonekani chuoni: hawakufungua baruapepe iliyodai uthibitisho wa kipato, hawakupeleka cheti cha chanjo, hawakufanya mtihani wa kuwapanga madarasa, amana ya bweni ikapita tarehe. Vijana wa darasa la kumi na mbili mlio hapa, fungueni baruapepe ya chuo kila siku mpaka mtakapokaa darasani, na chochote msichokielewa kileteni siku hiyo hiyo.

Wazazi wenye watoto wa darasa la nane, ninyi ndio nitaanza nanyi. Shule nyingi huchagua masomo ya darasa la tisa kati ya Januari na Machi, na fomu huletwa nyumbani ndani ya begi la mtoto. Itafuteni. Mkiipata, msiweke sahihi kabla hatujatazama mstari wa hisabati. Kwenye meza ile ya kushoto wapo wenzangu watatu wanaozungumza Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda, na wana nakala za mpangilio wa masomo. Sasa nipokee maswali, na la kwanza nampa mama aliyeinua mkono tangu tulipokuwa kwenye Aljebra.